Kitambi kwa Wahindi na Wachina wa Lubumbashi: kikomo ni sentimita 90, 94 au 102?

Anfirmie_Kampemba

Jambo wakubwa na wadogo wa humu.

Kituo chetu cha afya kinapokea watu wa kila namna: Wahindi na Wapakistani wenye maduka katikati ya mji, Wachina wa kampuni za madini wanaopitia Lushi (Lubumbashi) wakielekea Likasi na Kolwezi, Walebanoni, na wenyeji wa mtaa. Tunatayarisha wiki ya kupima presha na sukari bila kulipisha. Safari hii tunataka kupima na kiuno, na kwa Waasia watu wazima tutenge daftari lao, tujue ni wangapi kati yao wana kitambi cha kutia hofu.

Fishi yetu ya zamani (karatasi ya kuandikia vipimo) inaweka hatari kwenye sentimita 102 kwa mwanaume na 88 kwa mwanamke. Fishi mpya inasema 94 na 80. Nimesikia pia kwamba kwa Waasia ni 90. Tushike ipi? Na kitambi kimeenea kiasi gani kwa Waasia wanaoishi ugenini, huko walikopimwa sawasawa? Nauliza kwa sababu ukiwatazama wengi wao huwaoni wanene: mikono myembamba, miguu myembamba, mizani inasema kilo 68, halafu sukari ya asubuhi iko juu.

Kifaa tulicho nacho ni mita ya fundi wa nguo. Inatosha, au tutafute nyingine? Aksanti kwa atakayechukua muda kujibu.

Sukari_na_Moyo

Mdogo wangu, anza na kikomo, kwa sababu ukibadilisha namba ya kukatia, idadi ya wenye kitambi inabadilika yote bila tumbo hata moja kupungua.

Hizo namba mbili za fishi zenu zimezaliwa nyumba moja. Zilitoka Glasgow, Scotland, mwaka 1995. Lean na wenzake waliwapima watu wa huko wakaona kwamba kiuno cha 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke kinalingana na IMC (BMI, yaani kilo za uzito zikigawanywa mara mbili kwa mita za urefu) ya 25, na 102 na 88 vinalingana na IMC ya 30. Wamarekani wakachukua zile za juu katika mwongozo wao wa kolesteroli wa 2001, zikasambaa dunia nzima. Hesabu hiyo haikufanywa kwa mwili wa Mhindi wala wa Mchina.

Mwaka 2005 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, likasema kikomo kifuate asili ya mtu, tena popote anapoishi. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yenu. Mgujarati (Mhindi wa jimbo la Gujarati) wa Lubumbashi anapimwa kwa kikomo cha Mgujarati, hata kama babu yake ndiye aliyehamia Kongo. Kwa watu wa Asia ya Kusini (India, Pakistani, Bangladeshi, Sri Lanka) na kwa Wachina ni 90 na kuendelea kwa mwanaume, 80 na kuendelea kwa mwanamke. Wachina wenyewe katika kiwango chao cha taifa cha 2013 waliweka 90 na 85. Korea nako ni 90 na 85. Wajapani wamegeuza: 85 kwa mwanaume na 90 kwa mwanamke, kwa sababu walipiga picha ya skana usawa wa kitovu wakatafuta kiuno kinacholingana na sentimita mraba 100 za mafuta ya ndani. Walebanoni ni Waasia kwenye ramani, lakini IDF iliwaweka pamoja na Waafrika wa kusini ya Sahara kwenye namba za Ulaya, 94 na 80, mpaka takwimu zao wenyewe zitosheleze. Usiwaandike ukurasa mmoja na Wahindi.

Sasa kuenea kwake. India yenyewe, utafiti mkubwa wa ICMR-INDIAB uliochapishwa 2023 ulipima watu 113,043 wa majimbo yote na kukuta kitambi kwa 39.5% ya watu wazima. Kwa kipimo cha IMC unene ulikuwa 28.6%. Yaani ukitumia mizani peke yake, zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi anakuponyoka.

Ugenini picha ni hiyohiyo, ila kikomo cha kizungu kinaificha. Marekani 2017–2018, unene wa IMC 30 na zaidi ulikuwa 17.4% kwa Waasia na 42.2% kwa weupe. Ukiishia hapo utasema Waasia wako salama. Lakini kisukari, katika vipimo vya 2011–2016 vya nchi hiyohiyo, kilikuwa 19.1% kwa Waasia na 12.1% kwa weupe. Wembamba zaidi kwa mizani, sukari zaidi kwa damu. London ilikwisha kuona jambo hilo mapema: utafiti wa Southall uliotoka 1991 ulikuta kisukari kwa 19% ya watu wa asili ya Asia ya Kusini wenye umri wa kati, dhidi ya 4% ya Wazungu wa mitaa hiyohiyo, na kilichowatofautisha kilikuwa mafuta ya tumboni na insulini isiyofanya kazi vizuri, si uzito kwa jumla. Mwaka 2021, kwa rekodi za watu karibu milioni moja na nusu wa Uingereza, ilikokotolewa kwamba hatari ya kisukari anayobeba mtu mweupe mwenye IMC 30, mtu wa Asia ya Kusini anaibeba akiwa na 23.9, Mchina 26.9, Mwarabu 26.6, mtu mweusi 28.1.

Chukua huyo mtu wako wa kilo 68. Tuseme ana urefu wa mita 1.70. IMC yake ni 23.5, na fishi ya zamani itasema "kawaida". Mzungushie mita, upate 93. Kwa 102 hana kitu. Kwa 94 hana kitu. Kwa 90, ambayo ndiyo yake, ana kitambi. Na IMC yenyewe, kwa Waasia Shirika la Afya Duniani lilishaweka hatua ya kuanza kuchukua tahadhari kwenye 23 na hatari kubwa kwenye 27.5, tangu 2004. Kwa hiyo ameshavuka mistari miwili huku karatasi ikimwambia aende nyumbani.

Kwa nini tumbo? Ghala la mafuta la chini ya ngozi, la mapajani na matakoni, kwa watu wa Asia ya Kusini hujaa mapema. Likijaa, mafuta yanatafuta pengine: yanazunguka utumbo, yanaingia kwenye ini, hata ndani ya msuli. Msuli nao ndio unaokula sukari nyingi baada ya chakula, na wao kwa kawaida wana msuli mdogo kwa urefu uleule. Kuna makala ya 2004 ambamo madaktari Yajnik wa Pune, India, na Yudkin wa London wamejipima wenyewe: wote wawili IMC 22.3, lakini Yudkin alikuwa na mafuta 9.1% na Yajnik 21.2%. Namba moja kwenye mizani, miili miwili tofauti. Na inaanzia tumboni mwa mama: watoto wa vijiji vya Pune walizaliwa na wastani wa kilo 2.7 dhidi ya 3.5 za watoto wa Uingereza, ila walichopungukiwa zaidi ni msuli na viungo. Mafuta ya chini ya ngozi yalibaki karibu vilevile.

Kuhama kunaongeza juu ya hapo. Wagujarati wa Sandwell huko Uingereza walipolinganishwa na watu wa vijiji walikotoka, karibu na Navsari, Gujarati, IMC ya waliohama ilikuwa juu kwa zaidi ya pointi nne. Damu ni ileile, jembe limebadilishwa na kaunta ya duka.

Hesabu_Katuba

Naongeza la kuhesabu, maana hapo ndipo madaftari mengi yanapoharibika.

Kosa la kwanza ni kuwaweka "Waasia" kapu moja. Katika utafiti wa afya wa Uingereza wa 2004, kwa kikomo cha 88, wanawake Wapakistani wenye kiuno kikubwa walikuwa 48%, wanawake kwa jumla 41%, Wachina 16%. Wapakistani na Wachina wote wanaitwa "Waasia". Changanya 48 na 16 upate namba ya katikati isiyomhusu mtu yeyote. Marekani nao walichelewa: uchunguzi wao wa taifa ulianza kuchukua Waasia wa kutosha na kuwaonyesha peke yao 2011 tu, kabla ya hapo walizama kwenye "wengineo". Walipowachambua, kisukari kilikuwa 23.3% kwa Asia ya Kusini, 22.4% kwa Asia ya Kusini-Mashariki, 14.0% kwa Asia ya Mashariki.

Pia tenga wanaume na wanawake, na umri: 18–39, 40–59, 60 na zaidi. Kiuno kinakua na miaka, na kwa mwanamke kinaruka baada ya hedhi kukoma. Kama Wahindi wenu wengi ni wenye maduka wa miaka 50 na Wachina wenu wengi ni mafundi wa miaka 30, ukilinganisha jumla kwa jumla unalinganisha umri, si asili.

Hao Wachina wa madini wana shida nyingine. Mtu hupimwa afya kabla ya kupewa mkataba wa kuja Kongo, na akiugua sana hurudishwa kwao. Unayemwona ni aliyepita kwenye chujio. Asilimia utakayopata kwao itakuwa ndogo kuliko ya Wachina kwa jumla, na si haki kusema "Wachina wa Lushi hawana kitambi". Kwa Wahindi inaweza kuwa kinyume: wanaokuja wiki ya kupima bure ni wale wenye mashaka na sukari yao. Andika kwenye ripoti: "kati ya waliofika kupimwa", usiandike "kati ya Wahindi wa Lubumbashi".

Na usitoe asilimia tupu bila upana wake. Tuseme mmepima Wahindi 120, 54 wana kitambi, ni 45%. Chukua 0.45, zidisha kwa 0.55, gawanya kwa 120, tafuta kipeuo cha pili: 0.045. Zidisha kwa 1.96: 0.089. Ukweli uko kati ya 36% na 54%. Kama kati yao wanawake ni 30 tu, kwa asilimia ileile upana unakuwa 27% mpaka 63%, na hapo ni vema kutoa idadi ya watu kuliko kujidai na asilimia.

La mwisho ni dogo kwa macho, kubwa kwa matokeo. Wapimaji wanapenda namba zinazoishia na 0 na 5. Kikomo chenyewe ni 90 na 80! Mtu wa 88.4 anaandikwa "90" kwa uvivu, na kikomo kinasema "90 na kuendelea", basi ameshakuwa mgonjwa wa karatasi. Mwingine wa 91.8 anaandikwa "90", halafu mtu wa kompyuta anaweka "zaidi ya 90", naye anatolewa. Ukikuta kwenye daftari zaidi ya robo ya vipimo vina sentimita nzima zinazoishia na 0 au 5, jua mita haikusomwa. Kwa bahati peke yake, tarakimu hizo mbili za mwisho zinapaswa kuwa kama moja ya tano. Someni mpaka nusu sentimita, na afadhali mpaka milimita.

Mita_na_Mizani_Bukavu

Mita ya fundi inatosha, kwa sharti uikague. Mita ya kitambaa ikivutwa kila siku inarefuka, na mita iliyorefuka inadanganya kwa kupunguza. Ilaze juu ya rula ya chuma ya fundi seremala, kutoka 0 mpaka 100. Ikiwa alama ya 100 ya mita inaangukia 102 ya chuma, itupe: mwanaume wa 91 ataonekana ana 89. Angalia na ncha. Zile zilizong'oka kibati cha mwanzo mtu huanza kwenye alama ya 1, kwa hiyo kila mtu anaongezewa sentimita moja. Nunueni tatu za plastiki ya nyuzi zisizorefuka, ziandikeni A, B, C, na kwenye fishi andika imetumika ipi. Upande wa inchi uzibe kwa plasta, maana 35 ya inchi na 35 ya sentimita zimeshawahi kukutana kwenye daftari moja.

Namna ya kupima: mtu asimame miguu karibu, uzito umegawanyika sawa, mikono imelegea pembeni, tumbo wazi au nguo moja nyepesi. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho unaoshikika, upande, chini ya katikati ya kwapa. Tia alama ya kalamu. Shuka, tafuta ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, hapohapo upande. Alama nyingine. Katikati ya alama hizo ndipo mita inapopita, pande zote mbili, sambamba na sakafu. Piga goti au kaa kwenye kiti kifupi ili macho yako yawe usawa wa mita, na mwenzako aangalie mgongoni, kwa sababu mita hupenda kushuka nyuma bila wewe kuona. Mwambie avute pumzi na kuitoa kawaida, mara mbili tatu, kisha soma mwisho wa kutoa. Mita iguse ngozi bila kuizamisha. Pima mara mbili. Zikitofautiana kwa sentimita moja au chini, chukua wastani. Zikizidi hapo, rudia zote.

Usipime kitovuni. Kwa mwenye tumbo lililoning'inia kitovu kimeshuka, unapima chini kabisa. Usipime mkanda wa suruali: mwanaume mwenye kitambi huvaa mkanda chini ya kitambi, na suruali yake ya saizi 34, ambayo ni kama sentimita 86, haisemi lolote kuhusu tumbo la 98 lililolala juu yake. Huyo ndiye atakayekuambia "mimi saizi yangu haijabadilika tangu harusi". Pia Wamarekani hupima juu tu ya mfupa wa nyonga, na kwa wanawake hasa namba hutoka kubwa zaidi kuliko ya katikati. Chagueni njia moja, ya katikati, mpaka mwisho wa wiki.

Anfirmie_Kampemba

Aksanti sana yaya zangu, mmenifungua macho. Maswali mawili yamebaki. Mama wa Kihindi aliyevaa sari, au Mpakistani aliyejifunika, tunampimaje bila kumvunjia heshima? Na tukishampata mwenye 93, tunamwambia nini siku ileile? Sitaki kumpa namba tu halafu aende na woga.

Mita_na_Mizani_Bukavu

Pazia na mpimaji mwanamke, na useme hivyo mlangoni kabla hajauliza. Sari ina sketi ya ndani inayofungwa kwa kamba, na kamba hiyo mara nyingi inakaa palepale unapotaka kupima. Mwombe ailegeze na kuishusha kidogo, subiri dakika moja au mbili mfuo uliochimbwa na kamba upungue. Ukipima ndani ya mfuo utapata kiuno cha kamba. Alama na mita anaweza kuzishika mwenyewe huku wewe ukimwelekeza, kisha unasoma. Akikataa kabisa, andika "hakupimwa". Usikisie, na usipime juu ya mikunjo ya sari, ambayo peke yake inaongeza sentimita kadhaa.

Usiwaingize kwenye hesabu ya kitambi wajawazito na waliojifungua karibuni. Na kabla ya kuandika "kitambi", gusa tumbo. Huku kwetu bandama iliyovimba, maji tumboni kwa ugonjwa wa ini, fibromu kubwa (uvimbe wa mfuko wa uzazi) na ngiri vyote vinajaza mita. Tumbo la maji linalegea pembeni mgonjwa akilala chali na kitovu husukumwa nje. Hilo linapelekwa hospitali, haliingii kwenye daftari la mafuta. Uliza na vidonge: deksamethasone wanayomeza watu ili wanenepe hurundika mafuta tumboni na usoni na kupandisha sukari. Asiache kwa ghafla, lakini daktari amwone.

Mama_Lishe_Goma

Mwanangu, kwa mtu wa 93 usianze na neno "mnene". Mwambie: "Kiuno chako kimevuka kikomo cha asili yako kwa sentimita tatu, kwa hiyo leo tunapima na sukari na presha, na tunazungumza kuhusu jikoni." Kitambi peke yake si ugonjwa uliokamilika. Ukikuta pamoja nacho mawili kati ya haya, presha 130/85 au zaidi, sukari ya kufunga 100 mg/dL au zaidi, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) 150 au zaidi, HDL (kolesteroli nzuri) chini ya 40 kwa mwanaume au 50 kwa mwanamke, huyo hatari yake imejikusanya na asisubiri mwaka mwingine. Sukari ya kufunga ikiwa 126 au zaidi mara mbili, siku tofauti, ni kisukari.

Jikoni, anzeni na bidoni (dumu) ya mafuta. Swali lile la "unakula mafuta mengi?" halifai kitu, kila mtu husema hapana. Uliza: bidoni ya lita 5 inakaa siku ngapi, na mnakula watu wangapi? Ikiisha siku 30 kwa watu wanne, ni mililita 42 kwa mtu kila siku, karibu kalori 350, kabla ya samli ya kupaka chapati na siagi ya asubuhi. Lengo jepesi la mwezi wa kwanza: bidoni ifike siku 45. Mpishi wa nyumba (na Lushi mara nyingi mpishi ni kijana wa kwetu, si mama mwenyewe) apewe kijiko cha chakula cha kupimia na aache kumimina kwa mkono. Ongea na mpishi, jamani. Ushauri mwingi unaishia sebuleni na sufuria inabaki ileile.

La pili ni chai. Vikombe vitano dukani kwa siku, vijiko viwili vidogo vya sukari kila kimoja, ni gramu 40 au zaidi na kalori 160. Punguzeni kijiko nusu kila wiki mbili, ulimi unazoea. La tatu, sahani: wali, chapati na viazi visikutane sahani moja. Achague kimoja. Dengu ziongezwe mpaka zijae robo ya sahani, ziwe nzito badala ya supu, kwa kuwa mla mboga mtupu asipopata dengu, maharage, mtindi au mayai anakula wanga ili ashibe na msuli unazidi kupungua. Kwa kambi za Wachina, tazameni wali mweupe wa kurudia usiku na bia: chupa kubwa ya sentilita 72 inakaribia kalori 300, na mbili za jioni ni mlo mzima.

Kisha miguu. Nusu saa ya kutembea haraka kila siku, hata kama ni mara tatu za dakika kumi kuzunguka soko kabla ya kufungua duka, na siku mbili kwa wiki kazi ya misuli: kuinuka na kukaa kwenye kiti mara 10, kupumzika, kurudia mara tatu. Mwambieni pia kwamba faida inakuja hata mizani ikikaa palepale. Katika utafiti wa India wa kuzuia kisukari, uliotoka 2006 kwa watu 531 waliokuwa mpakani mwa kisukari, baada ya miaka mitatu 55.0% ya walioachwa bila msaada walipata kisukari, na waliobadili chakula na kutembea 39.3%, ingawa uzito wao kwa wastani haukushuka. China, Da Qing, utafiti ulioanza 1986 na watu 577 ulionyesha mwelekeo huohuo: baada ya miaka sita 67.7% bila msaada, na 41 mpaka 46% kwa waliosaidiwa chakula, mazoezi au vyote viwili. Ni watu wa asili ileile ya mnaowapima. Waambieni hivyo.

Sukari_na_Moyo

Mama Lishe amesema yote ya jikoni. Mawili ya maabara nayaongeza.

Mkipata HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu), isomeni kwa uangalifu hapa kwetu. Mwenye seli mundu, hata nusu yake tu, mwenye thalasemia ndogo (kasoro ya damu ya kurithi, si haba kwa Wagujarati na Wasindhi), mwenye upungufu wa chuma au aliyetoka kuongezewa damu, namba yake inaweza kupotoka juu au chini. HbA1c ikipingana na sukari ya kufunga, rudia ya kufunga. Na kufunga ni kukaa muda wa saa nane bila chakula wala chai ya maziwa. Wengi husema "sijala" na wamekwisha kunywa chai.

Kama wiki ni ya watu wengi na mita inapita haraka, mnaweza kutumia kamba. Pima urefu wa mtu kwa kamba, ikunje katikati, mzungushie kiunoni. Isipofika, kiuno chake kimezidi nusu ya urefu. Mwongozo wa Uingereza wa 2022 unasema 0.5 mpaka 0.59 hatari imeongezeka, 0.6 na zaidi hatari ni kubwa, kwa asili zote na kwa wake kwa waume. Yule wa 93 mwenye urefu wa 170 ni 0.547. Kamba inaonyesha nani aingie ndani. Kwenye daftari iandikwe sentimita.

Mwalimu_Kamalondo

Na sisi wenyeji, dokta? Hiyo 94 ni yetu kweli?

Sukari_na_Moyo

Ni ya kuazima, papa. Uchambuzi wa 2018 uliokusanya vipimo vya Waafrika wa kusini ya Sahara kutoka nchi mbalimbali ulikuta hatari inaanza karibu na sentimita 81, kwa wanaume na kwa wanawake. Kwa mwanamke haipishani sana na 80 tuliyo nayo. Kwa mwanaume iko chini kwa zaidi ya sentimita kumi. IDF haijabadilisha, kwa hiyo ripoti itoke kwa 94, lakini mwanaume Mkongo wa 88 mwenye presha, mpimeni sukari.

Anfirmie_Kampemba

Nimeelewa. Fishi nimeichora upya leo: asili (ya wazazi, si pasipoti), jinsia, umri, urefu, uzito, kiuno cha kwanza, kiuno cha pili, mita A, B au C, saa ya chai ya mwisho, presha, sukari. Safu ya "ana kitambi / hana" nimeiondoa kabisa ili mpimaji asiijaze kwa jicho. Tutakata baadaye kwenye kompyuta, 90 na 80 kwa Wahindi na Wapakistani, Wachina wanaume kwa 90 na wanawake wao mara mbili, kwa 80 na kwa 85, Walebanoni na wenyeji 94 na 80. Mita za sasa nimezilaza kwenye rula ya chuma ya seremala wa jirani. Moja imesoma 98.5 palipo na 100. Nimeikata.